Kiti cha Papa Musafiri na Ampli Isiyokwaruza

Nimefunga atelier yangu, karakana yangu ya ufundi, ya Kasongo mwaka huu. Nyinyi vijana mmegawana koleo zangu hata kabla sijafagia, na sasa mnaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Ya kupandishwa cheo sina, maana nilikuwa bosi, karani na mfagiaji mahali pamoja. Ya mshahara niacheni kabisa. Nitaandika juu ya ampli za gitaa za zamani, zile zenye taa za kioo ndani tunazoziita lampe, na jinsi ya kuzifanya zitoe sauti kubwa bila kukwaruza. Na katika hizo nitakaa zaidi juu ya moja, kwa sababu nusura imnyang'anye Papa Musafiri kiti chake katika kwaya, na mimi ndiye niliyeitengeneza, tena vizuri.

Kazi nilijifunza kwa Mzee Assani, fundi wa redio karibu na soko. Baba yangu alinipeleka kwake kwa sababu nilikuwa nimefungua redio ya nyumbani nikashindwa kuifunga. Mzee akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Huyu mutoto mwanamuke atafanya nini hapa?"

"Atafunga ile redio," baba akasema, akaenda zake.

Siku za mwanzo sikuruhusiwa kushika kitu ila nguo yangu. Nasema kweli. Mzee Assani alinifundisha kwamba ukiwa unapima ndani ya ampli, mkono wa kulia ufanye kazi na wa kushoto ushike kikwembe chako nyuma, usiachie. Ndani ya ampli kuna yale makopo mnayoyaita condensateur, nayo huhifadhi umeme hata ukishachomoa waya ukutani. Ukigusa kwa mikono miwili, umeme unapita kifuani kutoka huku kwenda kule. Mafundi wanaume walishika mkanda wa suruali, mimi nikashika kikwembe. Mpaka leo nikiona sufuria ya moto mkono wa kushoto unarudi nyuma wenyewe, na wajukuu wangu wananicheka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutofautisha sauti kubwa na sauti safi. Hao ni ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Ampli ya lampe ina kikomo chake. Ukiisukuma kupita hapo, sauti haiongezeki, inaanza kukwaruza tu, na nota zinachanganyika mpaka hujui kama mtu anapiga gitaa au anaparua sufuria. Wateja wote, bila kumbakiza hata mmoja, walikuja na dawa moja: "Weka lampe zingine, ziwe mara mbili!" Lampe mara mbili si sauti mara mbili, jamani. Sikio linasikia nyongeza kidogo tu, na transfo, yaani transfoma, inaungua. Mzee alikuwa akisema, "Usiipige fimbo. Uipunguzie muzigo." Nimeyatumia maneno hayo kwa ampli, na kwa mume wangu pia.

Wateja wenyewe walikuwa darasa lingine. Mwanamume anaingia, ananikuta nimeinama juu ya meza na chuma cha kulehemu mkononi, moshi puani.

"Jambo, Maman. Fundi iko wapi?"

"Niko."

"Hapana, ule fundi mwenyewe."

Nilikuwa nawaambia fundi mwenyewe ametoka kidogo, wakae wamngoje. Wengine walingoja hadi adhuhuri, wakati mimi namaliza kazi yao mbele ya macho yao.

Mzee Assani alipofariki, Mungu amrehemu, nikabaki na atelier na voltmètre yake ya sindano, ya kupimia umeme. Hiyo ndiyo niliyoibeba safari ya kwanza ya Salamabila, kule kwenye dhahabu. Njia mnaijua. Pikipiki inaruka kama mbuzi, na sindano ile ilikuwa dhaifu, basi nikaifunga voltmètre mgongoni kwa kikwembe, kama mtoto. Kila tulipopumzika wamama walikuja kunisalimia. Mmoja akaniambia, "Mutoto wako iko analala muzuri sana." Nikajibu, "Aksanti, hasumbui."

Nilikuwa nimeitwa na mwenye baa mmoja, Bosi Shabani. Alikuwa na orkesta, na katika orkesta mpiga gitaa la solo alikuwa Musafiri, kijana mrefu mwenye kofia, vidole vyepesi ajabu. Ampli yake ilikuwa ya lampe, kuukuu tayari wakati ule. Wimbo wa kwanza tu, sauti inakwaruza. Wachimbaji wanapiga kelele, wengine wanarusha vizibo. Bosi, bila shaka, alitaka lampe mara mbili. Nikamwambia anyamaze kwanza, nikapima umeme. Jenereta ilikuwa moja, nayo ilibeba baa, friji zote za bia, na kinu cha jirani cha kusaga mawe. Umeme uliofika kwenye ampli ulikuwa mabaki. Ampli yenye njaa haiwezi kutoa sauti safi, hata uiwekee lampe za dhahabu ya palepale.

"Bosi," nikasema, "uchague. Bia ya baridi ao gitaa."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia amuuze mama yake. Mwishowe tukapatana kwamba friji zizimwe orkesta ikiwa inapiga. Wachimbaji wakanywa bia ya moto, wakasikia gitaa, wakacheza mpaka ukuta wa turubai ukaanguka. Bosi akasema kwa watu wote kwamba ni yeye aliyegundua.

Miaka ikaenda. Bosi Shabani akafuata mashimo mengine, ile ampli akamwachia Musafiri kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba. Musafiri naye alikuwa amechoka. Akashuka Kasongo na gitaa lake, akaokoka, akabatizwa, akawa Papa Musafiri wa kanisa dogo lililo nyuma ya shule. Hana mke, hana mtoto. Wakampa kiti katika kwaya, na pamoja na kiti kile chumba kidogo nyuma ya kanisa. Chakula alipikiwa na wamama wa kwaya kwa zamu. Muelewe hapo: kiti kile ndicho kilichokuwa nyumba yake na sahani yake.

Sasa, ng'ambo ya barabara likajengwa kanisa kubwa. Sitaki kuwasema watu wa Mungu, mimi mwenyewe ni Mwislamu na kanisani huwa naingia kwa ajili ya umeme tu. Lakini hawa walikuwa na spika zinazolingana na kabati, na waliziweka nje, zikitazama kanisa dogo. Kanisa dogo likajibu kwa kutoa yake nje. Jumapili asubuhi mtaani pale hukuweza kuuza nyanya, kwa sababu mnunuzi hasikii bei. Kila upande ulisema unamsifu Mungu, na kila upande ulikuja kwangu Jumatatu kuuliza kama mwenzake ameongeza.

Kanisa dogo likapata Pasta mpya kutoka Bukavu, mtu mzuri, msafi, viatu vinang'aa hata wakati wa mvua. Ndiye aliyeniletea ampli ya Papa Musafiri juu ya baiskeli.

"Maman Mwavita," akasema, "ile gitaa yetu iko kama nyigu mu kopo. Tunasikia kelele, hatusikii wimbo. Sikukuu ya Mavuno inakaribia. Kama haisikike, na haisikike safi, nitaleta synthé, ile kinanda ya umeme. Kijana wa kuipiga iko tayari, na yeye anaomba kile chumba."

"Na Papa Musafiri ataenda wapi?"

Akafuta kiatu chake kwa kitambaa. "Tutamuombea."

Ah, hapo nikakasirika. Nikasema moyoni, kiti hiki hakitoki wakati mimi nina chuma cha kulehemu.

Nikafungua ampli. Jambo la kwanza nililolikuta ni mafuta. Si mafuta ya mashine. Kumbe siku ya kuiweka wakfu, Pasta aliipaka mafuta ya upako, na kwa kuwa alikuwa mkarimu akayamwaga juu, yakashuka kwenye matundu ya hewa mpaka kwenye lampe zinazowaka. Ukatoka moshi mweupe. Kanisa zima likapiga vigelegele, wakidhani ni utukufu umeshuka. Ilikuwa ni lampe inapasuka. Nikasafisha kwa pombe kali, nikabadilisha lampe ile, nikaandika juu ya kifuniko kwa rangi nyekundu: USIMWAGE KITU. Pasta akauliza kama hata maji ya baraka. Nikamwambia hata machozi.

Baadaye nikafanya kazi kama nilivyofundishwa, na nyinyi shikeni hapa. Nilibadilisha condensateur zilizochoka, maana ndizo akiba ya umeme pale gitaa linapopigwa kwa nguvu. Nikaweka sawa umeme wa lampe kubwa, zisilale wala zisiungue. Nikapunguza besi kabla haijafika kwenye lampe hizo, kwa sababu besi inakula nguvu nyingi na watu wanasikia kidogo. Nikatafuta spika nyingine, yenye sumaku nzito, kutoka kwenye bafle la zamani la misheni, yale masanduku ya spika. Spika nzuri, sikilizeni, inaweza kuongeza sauti kuliko lampe mpya, na haili umeme zaidi. Halafu nikamwambia Pasta aipandishe ampli juu ya meza. Ilikuwa sakafuni, ikiyahubiria magoti ya watu.

Jumapili nikatuma mtu akasikilize. Akarudi: "Inakwaruza, Maman, kuliko mbele ya kuitengeneza."

Nikaenda mwenyewe kuangalia. Vifundo vyote vya sauti vimezungushwa mpaka mwisho. Nikavirudisha. Jumapili iliyofuata, vilevile. Nikamwita Papa Musafiri atelier, nikamkalisha.

"Papa, masikio yako iko namna gani?"

"Iko muzuri, Maman."

"Basi kwa nini unaisukuma vile? Unataka wakutoe?"

Akatazama vidole vyake. "Uiache ikwaruze kidogo. Kidogo tu. Watu wamezoea."

Na ajabu ya pili ni Maman Riziki, kiongozi wa kwaya, mama mpole wa Salamabila ambaye hasa ndiye aliyempikia Musafiri. Nilidhani atanishukuru. Akaja, akakaa, akakunja ncha ya kitenge chake, akakunjua.

"Maman Mwavita, sauti kubwa, sawa. Lakini safi… safi sana ya kazi gani?"

Nikadhani wamerogwa wote wawili. Mtu anataka kufukuzwa, na mpishi wake anamsaidia! Nikasema wasipojua faida yao, nitawafaa kwa nguvu. Nikaitoa lampe ndogo ya kwanza, ile inayopokea gitaa, nikaweka nyingine dhaifu zaidi, na nikaongeza kizuizi kidogo nyuma yake. Sasa hata azungushe vifundo mpaka mwisho, ampli inapaza sauti na haifiki kwenye kukwaruza. Hakuna namna ya kuichafua. Nilijisifu siku ile, siwafichi. Nilikula kuku.

Sikukuu ya Mavuno ikafika. Nilikaa karibu na mlango, na ushungi wangu, nikiitwa "dada" na kila anayepita. Kanisa limejaa mihogo, ndizi, mpunga, jogoo mmoja amefungwa kwenye mguu wa madhabahu. Nyuma kabisa walisimama watu wa pikipiki na wachimbaji waliokuja na dhahabu yao sokoni. Ng'ambo spika za wenzetu zilikuwa zimeanza kunguruma.

Papa Musafiri akakaa kitini. Akazungusha kifundo. Akagusa waya mmoja, sauti ikatoka safi, kubwa, kila mtu akageuka. Akazungusha tena, mpaka mwisho. Safi. Akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale, akaniona mlangoni. Sijawahi kuona mtu ananitazama vile, na bado sikuelewa.

Kwaya ikaanza wimbo wao wa Yesu, ule walioimba kila Jumapili. Gitaa likaingia. Mungu wangu! Nikaujua. Mistari miwili tu nikaujua. Ulikuwa wimbo wa baa ya Bosi Shabani, ule wachimbaji waliouchezea kwa chupa kichwani, kila nota mahali pake, hakuna hata moja iliyofichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akiupiga chini ya maneno ya kanisa, na ule mkwaruzo ndio uliokuwa shuka lake. Na nani amelivuta shuka? Mimi, fundi hodari.

Nyuma mmoja akapiga mluzi. Mwingine, jitu la mashimoni, likafungua kinywa na kuanza maneno ya kule. Viuno viwili vitatu vikatikisika vyenyewe. Pasta akainua mkono. Kila kitu kikanyamaza, isipokuwa jogoo.

"Papa Musafiri. Hii wimbo ni ya wapi?"

Papa Musafiri akalaza gitaa juu ya magoti, akaanza kuinuka kitini polepole, kama mtu anayejua hukumu yake. Nilitaka kulia. Nilitaka kwenda kuing'oa ile lampe kwa mkono mtupu.

"Ukae, Papa," Maman Riziki akasema. Halafu akamgeukia Pasta. "Ni ya kwetu Salamabila, Pasta. Ni mimi ndio niliweka maneno ya Yesu juu yake."

"Wimbo wa baa? Mu nyumba ya Mungu?"

"Ilikuwa ya baa, ndiyo. Wanaume walikuwa wanaiimba pia wakishuka mu shimo. Inasema, 'Mama, ufunike sahani yangu, niko narudi.' Siku ile shimo ilianguka, bwana yangu, Baba Sifa, alikuwa ndani. Wengi walikuwa ndani. Tulichimba na mikono. Papa Musafiri akaleta ile ampli pale, na jenereta, akapiga ile wimbo juu ya shimo, ili kama iko mutu anasikia, ajue tuko." Akakunja ncha ya kitenge chake. "Akapiga mpaka tukaacha kuchimba."

Lile jitu la nyuma lilikuwa limeweka kofia kifuani.

"Hawakutoka," akasema. "Hatuna kaburi, Pasta. Tuko na wimbo tu. Kule wakasema ni ya ulevi, tusiilete kanisani. Nikaweka maneno mengine, Papa akaweka kelele kidogo juu, ili mutu asitusumbue."

Pasta aliangalia wamama wa kwaya, mmoja mmoja, na wao hawakuinamisha macho.

"Sasa siku zote munaimbia nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Tunaimbia Mungu. Lakini na Baba Sifa asikie."

Kule ng'ambo spika bado zilinguruma. Pasta akachukua kitambaa, nikadhani atafuta kiatu, akafuta uso.

"Muimbe na yale maneno ya kwanza," akasema. "Mimi siyajui. Nitafuata."

Papa Musafiri akakaa, akapiga. Mimi nimetengeneza ampli maisha yangu yote, na siku ile sikusikiliza ampli. Wale wa nyuma waliimba wakilia waziwazi, watu wazima wenye ndevu, na wengine walioachwa yatima wakiwa wadogo waliimba maneno ambayo sikujua kama wanayajua. Wimbo ulipofika katikati nikagundua ng'ambo kumenyamaza. Nikachungulia nje. Watu wao walikuwa wamejaa madirishani kwetu, na aliyezima jenereta yao, fundi wao mwenyewe, alikuwa amesimama mbele ya wote, anaimba.

Jumatatu Pasta akaja atelier, na baiskeli, na ampli juu yake. Kuhusu synthé akasema tu kwamba yule kijana amepata kazi kwingine, jambo ambalo kijana mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa. Kuhusu chumba hakusema kitu. Akaishusha ampli mezani kwangu taratibu, kwa mikono miwili, akaifuta vumbi.

"Maman Mwavita, uongeze sauti kidogo tena."

"Pasta, kanisa zima lilisikia. Mtaa mzima ulisikia. Unataka ifike wapi?"

"Salamabila."

"Salamabila iko mbali, Pasta."

"Ninajua, Maman," akasema. "Uongeze tu."